Mwanafunzi wa fildi apewe jembe, si birika la chai

Kila ifikapo katikati ya mwaka, wanafunzi wa vyuo vikuu husambaa nchi nzima kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo, ambayo wengi huyaita fildi. Wapo wanaotoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na kwingineko. Baadhi yao hupanda treni ya reli ya kati na kushuka mwisho wa reli, Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, barua ya utambulisho ikiwa mkononi.

Wakishafika, aghalabu huelekea kulekule: ofisi za halmashauri, benki na taasisi za umma. Ni wachache wanaobisha hodi kwenye kinu cha mawese, kwenye ghala la dagaa Kibirizi, kwenye duka la pembejeo Mwanga au kwenye chama cha msingi cha kahawa Kalinzi. Na wakibisha hodi, mwenye biashara huwa na majibu mawili. Ama huwarudisha kwa kuona watamsumbua, ama huwapokea kama vibarua wa bure.

Majibu yote mawili yana hasara. Anayemrudisha mwanafunzi anarudisha mtu ambaye kwa wiki nane angeweza kumpimia jambo ambalo yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kulipima kwa miaka mingi. Anayemfanya kibarua anapata mtu wa kubeba ndoo, kazi ambayo kijana yeyote wa mtaani angeifanya vizuri zaidi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema apewe birika la chai na karatasi za kwenda kutoa nakala. Mwanafunzi wa fildi ni mgeni wa namna hiyo. Apewe jembe la kweli, yaani kazi yenye maana, na aonyeshwe shamba lilipo. Mkoa wa Kigoma, wenye ziwa, michikichi, kahawa, chumvi ya Uvinza na biashara ya kuvuka mipaka, hauna uhaba wa mashamba ya aina hiyo.

Mwanafunzi, mhitimu na mwanagenzi

Kwanza mwajiri ajue anampokea nani. Mwanafunzi wa fildi bado yuko chuoni. Kazi yake ni sehemu ya masomo, hudumu wiki nane hivi au zaidi kidogo, na mwishoni anapewa alama. Mhitimu anayetafuta uzoefu amekwishamaliza chuo, na muda wake kazini huwa mrefu zaidi, wa miezi kadhaa. Mwanagenzi ni yule anayejifunza ufundi kazini hadi aumudu. Mwaka 2017 serikali ilitoa miongozo kwa ajili ya makundi hayo mawili ya mwisho, na mwajiri anayewataka atafute miongozo hiyo kwenye ofisi ya kazi.

Kuyachanganya makundi haya ndiko kunakoleta ugomvi. Mwanafunzi anayepangiwa zamu sawa na wafanyakazi, anayeadhibiwa kwa kuchelewa kama wafanyakazi na anayebeba mzigo kama wafanyakazi, huyo si mwanafunzi tena. Amekuwa mfanyakazi asiyelipwa, na mwajiri anajiweka pabaya mbele ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kipimo ni rahisi: je, mwanafunzi akiondoka leo, kazi itasimama? Kama itasimama, mwajiri anahitaji kuajiri mtu, wala hahitaji mwanafunzi wa fildi.

Aanze na swali moja

Kosa la kawaida ni kumwambia mwanafunzi "zunguka uone". Mwanafunzi atazunguka, ataona, na atarudi chuoni na ripoti iliyojaa historia ya biashara na picha za majengo. Mwenye biashara atabaki vilevile.

Inafaa mwajiri akae chini kabla ya mwanafunzi kufika, ajiulize ni jambo gani moja linamla fedha bila yeye kujua kwa nini. Jambo hilo ndilo swali la fildi.

Mwenye kinu cha mawese, kwa mfano, anajua amenunua chikichi kwa kiasi gani na ameuza madumu mangapi. Mara nyingi hajui kila kilo 100 za matunda zimetoa kilo ngapi za mafuta, wala kwa nini wiki hii ni pungufu kuliko wiki iliyopita. Sababu zinaweza kuwa nyingi: matunda yalivunwa kabla ya kuiva, yalikaa muda mrefu kabla ya kuchemshwa, hayakuchemka vya kutosha, au mashine imechoka na makapi yanatoka yangali na mafuta. Zipo pia tofauti za mbegu. Mchikichi wa asili wa Dura una kokwa nene na nyama kidogo, wakati Tenera, mbegu chotara inayosambazwa na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, ina nyama nyingi na mafuta zaidi.

Mwanafunzi mwenye mzani na daftari anaweza kupima matunda yanapoingia na mafuta yanapotoka, akiandika kila mkupuo umetoka shamba la nani na umekaa siku ngapi. Baada ya wiki sita mwenye kinu ataona kwa macho yake tatizo liko shambani, kwenye pipa la kuchemshia au kwenye mashine. Hapo ndipo atajua kama aende SIDO kutafuta mashine nyingine, au azungumze na wakulima wake kuhusu siku ya kuvuna.

Kwa mchuuzi wa dagaa, swali linaweza kuwa la uanikaji. Dagaa wa mtumbwi mmoja wagawanywe mafungu mawili yenye uzito sawa, moja lianikwe mchangani na jingine kwenye kichanja. Mwanafunzi apime uzito baada ya kukauka, aandike saa zilizotumika, walioharibika na bei ambayo kila fungu limepata sokoni. Jirani zetu wa Burundi, kwenye ziwa hilihili, walionyeshwa faida ya vichanja na mradi wa FAO ulioanza mwaka 2004. Lakini mama wa Katonga anayefikiria kununua mbao na wavu hatashawishika na habari za Burundi kama atakavyoshawishika na hesabu za dagaa wake mwenyewe.

Mfanyabiashara anayevusha bidhaa kwenda Bujumbura, Uvira au Kalemie naye ana swali lake. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya ina cheti rahisi cha uasili kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Mwanafunzi wa biashara au uhasibu anaweza kufuatilia safari kumi za mzigo, akaandika kila shilingi iliyolipwa, imelipwa kwa nani na kwa risiti gani. Wafanyabiashara wengi watashangaa kuona faida yao inaishia wapi.

Msimu na mwezi

Kigoma ina kalenda yake, na chuo hakiijui. Mwajiri ndiye anayepaswa kukieleza chuo.

Uvuvi wa dagaa ni wa usiku, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika, na giza likirudi kazi huanza tena. Fildi ya wiki nane ni siku 56, karibu miezi miwili ya mwandamo. Kwa hiyo mwanafunzi atakutana na vipindi viwili tu vya giza, labda vitatu akibahatika. Akipoteza kipindi cha kwanza akizoea mazingira, amepoteza karibu nusu ya fildi yake. Inafaa afike siku chache kabla ya giza kuanza, na siku za mbalamwezi zitumike kwa mahesabu na kwa kutembelea masoko.

Lipo pia suala la kufunga ziwa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mwanafunzi aliyepangiwa kufika Julai mwaka kama huo angekuta mitumbwi imelala ufukweni. Mwajiri anayetegemea ziwa aulize ofisi ya uvuvi mapema, na kama ziwa litafungwa aombe chuo kisogeze tarehe au abadilishe swali. Kipindi cha kufungwa kwa ziwa nacho kinaweza kuwa somo: wachuuzi wanaishi vipi, akiba yao inadumu kwa muda gani, mkopo wa SACCOS unalipwaje.

Mvua nayo ikumbukwe. Anayekuja Julai na kuondoka Septemba anakutana na kiangazi, wakati dagaa wanakauka upesi. Hasara kubwa ya uanikaji huja mvua zikianza. Matokeo ya kiangazi yasichukuliwe kuwa ya mwaka mzima, na mwanafunzi aandike hivyo waziwazi kwenye ripoti yake.

Msimamizi mmoja, ratiba moja

Mwanafunzi akiwa na mabosi watano hana bosi. Ateuliwe mtu mmoja wa kumsimamia. Si lazima awe na shahada. Fundi mkuu wa kinu aliyekamua mawese kwa miaka 20 ni mwalimu bora kuliko mwenye biashara ambaye hashindi pale. Fundi huyo aambiwe mapema, tena kwa heshima, kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi yake. La sivyo atamwona mwanafunzi kama mtu aliyeletwa kumchukulia nafasi, na atamficha mambo.

Ratiba inaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Wiki ya kwanza ni ya kutazama, kuuliza na kushika kila kazi kwa mkono japo kidogo. Wiki ya pili hadi ya sita ni za kupima na kuandika. Wiki ya saba ni ya kukaa na wafanyakazi na kujadili kilichoonekana. Wiki ya nane ni ya kuandika. Kila Ijumaa msimamizi akae na mwanafunzi nusu saa, apitie daftari na kusahihisha.

Kitabu cha kumbukumbu za kila siku kisitiwe saini kwa mkupuo mwisho wa fildi. Wapo wasimamizi wanaosaini kurasa zote siku moja ili kumwondoa kijana mlangoni. Huko ni kuthibitisha kitu ambacho hawakukiona, na ni kumdhulumu mwanafunzi mwingine aliyefanya kazi kweli. Mhadhiri akija kukagua, msimamizi aseme ukweli: lililofanyika vizuri na lililoshindikana.

Nauli, chakula na malazi

Mambo ya fedha yasemwe siku ya kwanza, tena kwa maandishi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake, lakini si kila mwanafunzi ni mnufaika, na fedha hizo haziji sikuzote kwa wakati. Mwajiri asidhani kwamba kila anayekuja ana kitu mfukoni.

Biashara ndogo haiwezi kulipa mshahara, na haitegemewi kulipa. Inaweza hata hivyo kutoa chakula cha mchana kinacholiwa na wafanyakazi wengine, na nauli ya daladala kutoka Ujiji au Mwanga. Kama haiwezi hata hayo, iseme mapema ili mwanafunzi ajipange au atafute pengine. Kumwahidi posho "mambo yakikaa sawa" na kumkwepa wiki ya tano ni aibu kwa mwajiri na kwa mji mzima.

Gharama ambayo ni ya kazi si ya mwanafunzi. Akitumwa benki, sokoni au bandarini, nauli itoke dukani. Mizani, daftari, kalamu na buti ni vitendea kazi, na mwenye kazi ndiye anayevitoa.

Fedha na siri za biashara

Wafanyabiashara wengi wadogo wana hofu ambayo hawaisemi: kijana ataona mahesabu, kisha habari zifike kwa mshindani au zizagae mtaani. Hofu hiyo inaeleweka na ina dawa.

Mwajiri achague kitakachoonekana na kisichoonekana. Mwanafunzi anayepima ukamuaji wa mafuta hana haja ya kuona daftari la madeni. Waandikiane ukurasa mmoja kwamba majina ya wateja, bei za manunuzi na jumla za mauzo hazitatajwa kwenye ripoti bila ruhusa. Mwajiri aombe kuisoma ripoti kabla haijapelekwa chuoni. Anayo haki ya kuomba majina yaondolewe. Kuomba matokeo mabaya yabadilishwe ni jambo jingine, na hilo asiliombe.

Mwanafunzi asikabidhiwe droo ya fedha, funguo za stoo wala namba ya siri ya simu ya miamala. Fedha zikipungua, wa kwanza kushukiwa atakuwa mgeni, hata kama mkono uliochukua ni wa mwenyeji. Kumwepusha na fedha ni kumlinda yeye na kulinda biashara.

Usalama na heshima

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haimlindi mfanyakazi peke yake. Inawagusa pia watu wengine wanaoweza kudhurika kutokana na shughuli za mahali hapo. Kwa hiyo mwenye kinu asiseme "huyu si wangu" mwanafunzi akiungua kwa mafuta ya moto au akikamatwa nguo na mkanda wa mashine. Siku ya kwanza aonyeshwe hatari zilipo, na asiguse mashine inayozunguka bila fundi kuwa karibu.

Ziwani ndiyo zaidi. Tanganyika ni ziwa lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya Afrika, na upepo wake hubadilika ghafla. Mwanafunzi asipande mtumbwi wa usiku bila jaketi la kujiokolea, bila ridhaa ya chuo chake na bila mtu nchi kavu anayejua ameondoka na nani. Vipimo vingi vya dagaa vinaweza kufanyika mwaloni asubuhi mitumbwi ikirudi. Mwajiri aulize pia kama mwanafunzi ana bima ya afya, na namba za simu za chuo na za nyumbani kwao ziwekwe mahali panapojulikana.

Kuhusu heshima, maneno yawe machache na wazi. Binti anayekuja fildi hakuja kutafuta mchumba, na saini kwenye kitabu chake haina bei. Anayemdai mtu aliye chini ya mamlaka yake ngono ili ampe nafasi au haki yake anatenda kosa la rushwa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa namba 113. Mwenye biashara awaambie hivyo wafanyakazi wake kabla mgeni hajafika, na amwambie mgeni aende kwa nani akisumbuliwa.

Aache karatasi ya Kiswahili

Hapa ndipo Kigoma hupoteza zaidi. Ripoti ya fildi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, hupewa alama na kuwekwa kwenye kabati la chuo, mbali na mkoa. Mchuuzi aliyetoa dagaa wake, muda wake na maelezo yake haioni tena. Mwaka unaofuata anakuja mwanafunzi mwingine, anauliza maswali yaleyale, na mchuuzi anachoka.

Mwajiri aweke sharti moja tangu barua ya kumkubali mwanafunzi: kabla ya kuondoka aache kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zinazosema nini kilipimwa, nini kilionekana na nini kifanyike. Kisha awasomee wafanyakazi na wakulima wanaoleta mazao pale, wamuulize maswali. Mwanafunzi asiyeweza kumweleza mkulima alichokipata, huenda hakukipata.

Kurasa hizo zitunzwe kwenye faili. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata aanzie mwenzake alipoishia. Miaka mitatu ya namna hiyo humpa mwenye kinu kumbukumbu ambazo angelazimika kumlipa mtaalamu fedha nyingi ili azipate.

Wadogo waungane

Atakayesema biashara yake ni ndogo mno kupokea mwanafunzi atakuwa na hoja, lakini hoja hiyo ina jibu. Kina mama watano wanaoanika dagaa mwalo mmoja wanaweza kumpokea mwanafunzi mmoja kwa pamoja, chakula wakipokezana na swali likiwa moja. SACCOS, chama cha msingi cha ushirika au kikundi cha usimamizi wa mwalo kinaweza kuandika barua kwa niaba ya wanachama. Vyuo huhitaji barua ya kumkubali mwanafunzi na mtu wa kumsimamia. Asiye na karatasi yenye nembo aulize chuo ni barua ya namna gani inayokubalika.

Wapo pia wanaoweza kuunganisha pande mbili. SIDO na TCCIA wanawajua wenye viwanda na maduka mkoani. TAFIRI ina kituo Kigoma, na TARI iko Kihinga. Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi yake mjini, na FETA inafundisha uvuvi palepale. Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji ikikaa nao mara moja kwa mwaka, mwezi Februari au Machi, inaweza kutoa orodha fupi: biashara hizi ziko tayari, haya ndiyo maswali yao. Orodha hiyo ikifika vyuoni kabla ya wanafunzi kuanza kuomba nafasi, kijana wa Kasulu au wa Ujiji anayesoma Morogoro hatakuwa na sababu ya kufanya fildi Dar es Salaam akisubiri kutumwa kutoa nakala.

Watoto wa Kigoma wanasomeshwa kwa mawese, kwa dagaa na kwa kahawa. Ni haki yao kurudi kuvipima, na ni haki ya waliowasomesha kuambiwa kilichoonekana. Mwenye kinu, mwenye ghala na mwenye duka waandae swali sasa, kabla treni haijaleta wageni wa mwaka huu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona kama amesema anaumwa wapi.